Alexander Graham Bell: Wazo alilolitupa kando ndilo linalosoma vitufe vya simu leo

MKAZI wa Mwananyamala, Wilaya ya Kinondoni, au wa Tandika, Wilaya ya Temeke, anapopiga simu kitengo cha huduma kwa wateja cha benki yake, mara nyingi hapokewi na mtu. Hupokewa na sauti iliyorekodiwa, inayomtaka abonyeze moja kwa Kiswahili na mbili kwa Kiingereza. Hubonyeza, husikika mlio mfupi, na papo hapo mashine ya upande wa pili huwa imekwishajua amechagua nini.

Ni wachache wanaojiuliza mashine hiyo imejuaje. Haioni kidole cha mteja wala kitufe alichokigusa. Kinachoifikia ni mlio tu, uliopita katika njia ileile inayopitisha mazungumzo, kelele za daladala na muziki wa jirani. Ndani ya mlio huo mna sauti mbili zilizofumwa pamoja, na upo mtambo mdogo ambao kazi yake ni kuzifumua na kuzitambua.

Mizizi ya ufundi huo inarudi nyuma hadi kwa mwalimu mmoja wa viziwi, Alexander Graham Bell. Dunia inamkumbuka Bell kwa simu. Lakini alipoanza kuhangaika na nyaya na sumaku hakuwa akitafuta simu. Alikuwa akitafuta njia ya kupitisha milio mingi katika waya mmoja, na kuifanya kila mlio utambuliwe na kifaa chake peke yake. Kazi hiyo hakuifikisha mwisho, bali aliiacha njiani baada ya kukutana na jambo kubwa zaidi. Miaka 41 baada ya kifo chake, kanuni hiyohiyo ilirudi katika vitufe vya simu.

Mtoto wa nyumba ya sauti

Bell alizaliwa Machi 3, 1847, katika mji wa Edinburgh, Scotland, akiwa mtoto wa pili kati ya wavulana watatu. Nyumba yao iliishi kwa sauti. Babu yake alikuwa mwalimu wa matamshi jijini London. Baba yake, Alexander Melville Bell, alifundisha kazi hiyohiyo, na alibuni mfumo wa maandishi ulioonyesha namna ulimi, midomo na koo vinavyokaa mtu anapotamka kila sauti. Kwa mfumo huo, mtu aliweza kutamka neno la lugha asiyoijua, kwa kufuata tu alama zilizoandikwa.

Katika nyumba hiyohiyo, mama yake, Eliza Grace Symonds, alikuwa na usikivu hafifu mno, na kadiri miaka ilivyosonga masikio yake yalizidi kufifia. Hata hivyo alipiga piano vizuri, na ndiye aliyemfundisha mwanawe muziki. Wengine walizungumza naye kupitia bomba la kusikilizia. Kijana Bell alijifunza kusogeza mdomo karibu na paji la uso la mama yake na kusema kwa sauti nzito ya chini, ili mitetemo ya sauti imfikie. Mapema mno maishani aliona kwamba sauti ni mtikisiko, na kwamba mtikisiko unaweza kupita mahali ambapo sikio limeshindwa.

Akiwa na umri wa miaka 11 aliongezewa jina la Graham, kwa kuwa baba na babu yake nao waliitwa Alexander. Alipokuwa kijana, yeye na kaka yake Melville walitengeneza kichwa cha bandia chenye koo, ulimi na midomo. Walipopuliza hewa ndani yake kwa mifuo, kichwa hicho kilitoa sauti iliyofanana na ya mtoto anayeita mama.

Baadaye aligeukia uma za sauti, yaani vyuma vyenye ncha mbili ambavyo kila kimoja hutoa mlio mmoja usiobadilika kinapogongwa. Alizitumia kupima milio iliyojificha ndani ya irabu zinazotamkwa na binadamu. Mtaalamu wa lugha wa London, Alexander Ellis, alimweleza kuwa Mjerumani Hermann von Helmholtz alikwishafanya kazi kama hiyo, tena kwa uma za sauti zilizoendeshwa kwa umeme.

Bell hakujua Kijerumani vizuri. Aliposhika kitabu cha Helmholtz na kutazama michoro yake, alielewa vibaya, akadhani kuwa mtaalamu huyo amekwishasafirisha irabu kwa waya wa umeme. Helmholtz hakuwa amefanya hivyo. Lakini kijana huyo aliondoka na imani kwamba jambo hilo linawezekana, na kwa kuwa aliamini limekwishafanyika, hakuogopa kulijaribu.

Msiba wavusha familia bahari

Furaha ya nyumba hiyo haikudumu. Mwaka 1867 mdogo wake, Edward, alifariki dunia kwa kifua kikuu. Mwaka 1870 ugonjwa huohuo ulimchukua kaka yake Melville. Bell mwenyewe alikuwa amedhoofu, na wazazi wakahofia kumpoteza mtoto wa mwisho aliyebaki. Waliuza mali zao, wakavuka bahari hadi Canada na kuweka makazi nje ya mji wa Brantford, Ontario, ambako afya ya kijana huyo ilirudi.

Mwaka 1871 alikwenda Boston, Marekani, kufundisha katika shule ya watoto viziwi kwa kutumia mfumo wa baba yake. Mwaka 1873 aliteuliwa kuwa profesa wa fiziolojia ya sauti katika Chuo Kikuu cha Boston. Mchana alifundisha, na usiku alijifungia na vyombo vyake hadi alfajiri, tabia iliyomletea maumivu ya kichwa ya mara kwa mara.

Miongoni mwa wanafunzi wake walikuwapo wawili waliobadili maisha yake. Wa kwanza ni George Sanders, mtoto kiziwi wa mfanyabiashara wa ngozi, Thomas Sanders. Wa pili ni Mabel Hubbard, msichana aliyepoteza usikivu akiwa na umri wa miaka mitano kwa homa kali ya vipele vyekundu. Baba yake, Gardiner Greene Hubbard, alikuwa mwanasheria tajiri. Sanders na Hubbard ndio waliogharamia majaribio ya Bell, na Mabel ndiye aliyekuja kuwa mke wake.

Waya mmoja, milio mingi

Wakati huo habari za haraka zilisafirishwa kwa telegrafu, kwa mapigo mafupi na marefu ya umeme. Miji ilikua, biashara ikakua, na nyaya zikaelemewa. Kutandika waya mpya kulikuwa na gharama kubwa. Mtu ambaye angeweza kupitisha ujumbe mwingi kwa wakati mmoja katika waya uleule angetajirika, na wavumbuzi wengi walikuwa mbioni.

Bell aliliendea tatizo hilo kwa masikio ya mwanamuziki. Alijua kwamba mtu akiimba karibu na piano iliyo wazi, nyuzi zote hazitikisiki. Hutikisika zile tu zilizokazwa kwa mlio unaolingana na alioutoa, nyingine zikabaki kimya. Akajiuliza: kwa nini waya wa telegrafu usibebe milio kadhaa kwa pamoja, na mwisho wa waya viwekwe vibamba vyembamba vya chuma, kila kimoja kikiwa kimepimwa kwa mlio wake? Mlio wa kwanza ungeamsha kibamba cha kwanza, wa pili ungeamsha cha pili, na ujumbe usingechanganyika.

Wazo hilo liliitwa telegrafu ya milio. Hubbard alilipenda, kwa kuwa alichukizwa na nguvu ya kampuni kubwa ya Western Union, iliyotawala telegrafu nchini humo. Aprili 1875 Bell alipata hataza ya vyombo vya mfumo huo. Vyombo vyenyewe, hata hivyo, vilikuwa vigumu kuvitawala. Kibamba kikilegea kidogo kilijibu mlio usio wake, na kikikazwa kupita kiasi hakikujibu kabisa.

Alikuwa na mshindani pia. Elisha Gray, fundi hodari na mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Western Electric, alikuwa akishughulika na jambo lilelile, na kwa ufundi wa umeme alikuwa mbele ya Bell. Silaha ya Bell ilikuwa ujuzi wake wa sauti ya binadamu. Moyoni aliwaza jinsi ya kusafirisha usemi wenyewe, ingawa wafadhili wake walimsihi aachane na ndoto hiyo na kumaliza telegrafu. Machi 1875 alikwenda Washington kumwona mwanasayansi mkongwe Joseph Henry, na mzee huyo akamtia moyo aendelee, na kama hajui umeme vya kutosha, aende akajifunze.

Kibamba kilichonasa

Juni 2, 1875, Bell na msaidizi wake, Thomas Watson, walikuwa katika vyumba viwili tofauti vya karakana moja mjini Boston, wakirekebisha vibamba vyao. Kimoja kilinasa. Watson alikikwanyua kwa kidole ili kukiachia, na katika chumba cha pili Bell akasikia si mlio mkavu wa telegrafu, bali mlio wa chuma ukiwa na rangi yake yote. Alikimbia kumuuliza amefanya nini, na kumwamuru asibadilishe kitu chochote.

Alichotambua saa ile ni kwamba umeme ulikuwa umefuata mawimbi ya sauti yenyewe, ukipanda na kushuka pamoja nayo, badala ya kukatika na kuunganika. Kama mlio wa chuma uliweza kupita hivyo, usemi nao ungepita. Tangu hapo telegrafu ya milio ilianza kusogezwa pembeni, na simu ikachukua nafasi.

Februari 14, 1876, maombi ya hataza ya Bell yaliwasilishwa Washington. Siku hiyohiyo ofisi hiyo ilipokea pia taarifa ya Gray kuhusu chombo cha kusafirisha usemi. Mzozo kuhusu nani alifika kwanza, na nani alijua nini kuhusu karatasi za mwenzake, haujazimika hadi leo miongoni mwa wanahistoria. Hataza namba 174,465 ilitolewa kwa Bell Machi 7, 1876. Siku tatu baadaye, Machi 10, alimwita Watson kupitia chombo chake, na Watson, akiwa chumba kingine, alimsikia na kumfuata.

Juni mwaka huo simu ilionyeshwa katika maonyesho makubwa ya Philadelphia, ambako Mfalme Pedro wa Pili wa Brazil aliiweka sikioni na kustaajabu. Julai 1877 kampuni ya Bell ilianzishwa, na siku mbili baadaye Bell akamwoa Mabel. Zawadi yake ya harusi ilikuwa karibu hisa zake zote katika kampuni hiyo. Yeye alibakiwa na hisa 10 tu.

Kesi zikafuata. Zilifika mamia, na kubwa kuliko zote iliamuliwa na Mahakama Kuu ya Juu ya Marekani mwaka 1888, ambapo majaji wanne waliipa ushindi hataza ya Bell na watatu wakapinga. Kufikia wakati huo yeye mwenyewe alikuwa amekwishajitenga na biashara hiyo.

Upande wenye giza

Mwaka 1880 Ufaransa ilimtunuku Tuzo ya Volta, yenye thamani ya faranga 50,000, na fedha hizo akazitumia kuanzisha maabara. Mwaka huohuo, akiwa na msaidizi wake Sumner Tainter, alisafirisha sauti kwa mwali wa mwanga bila waya. Baadaye alishughulika na ndege na boti za mwendo kasi, na kati ya mwaka 1898 na 1903 aliongoza Jumuiya ya Jiografia ya Marekani.

Alipoulizwa kazi yake, hata hivyo, alijitambulisha kuwa ni mwalimu wa viziwi. Ndiye aliyeielekeza familia ya Helen Keller, mtoto asiyeona wala kusikia, mahali pa kupata mwalimu, na Keller alimtunukia kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1903.

Lakini ni katika kazi hiyo aliyoipenda ndipo alipoacha jeraha. Bell aliamini kwamba kiziwi anapaswa kufundishwa kutamka na kusoma midomo, na kwamba lugha ya alama inamtenga na jamii. Mwaka 1880 mkutano wa walimu wa viziwi uliofanyika Milan, Italia, ulichukua msimamo wa aina hiyo, na shule nyingi duniani zikazuia watoto kutumia mikono yao kuzungumza. Mwaka 1883 aliwasilisha andiko mbele ya Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani, akionya kwamba viziwi wakiendelea kuoana wao kwa wao, litazuka kundi la binadamu viziwi. Hakushikilia kuwa sheria iwazuie kuoana, lakini alitaka shule zao za bweni, walimu viziwi na lugha yao vipunguzwe, ili wasikutane.

Mtu huyo alikuwa na mama mwenye ulemavu wa kusikia na mke kiziwi. Mabel alisoma midomo kwa ustadi mkubwa, na huenda mafanikio yake ndiyo yaliyompumbaza mumewe, akadhani njia iliyomfaa mwanamke wa familia tajiri, aliyejifunza kusema kabla ya kupoteza usikivu, ingewafaa wote. Ilichukua miaka 130 kabla ya mkutano wa kimataifa wa elimu ya viziwi, uliofanyika Vancouver, Canada, mwaka 2010, kuyakana maazimio ya Milan na kusikitikia madhara yake.

Dakika moja ya ukimya

Januari 25, 1915, Bell, akiwa New York, alizungumza na Watson aliyekuwa San Francisco, katika uzinduzi wa njia ya simu iliyovuka bara zima la Marekani. Agosti 2, 1922, alifariki dunia nyumbani kwake karibu na Baddeck, Nova Scotia, Canada, akiwa na umri wa miaka 75. Wakati wa mazishi yake, simu za Amerika Kaskazini zilinyamazishwa kwa dakika moja. Mabel, aliyeimiliki simu kwa hisa bila kuisikia hata siku moja, alimfuata miezi mitano baadaye.

Wakati huo mtu aliyetaka kupiga simu alimwomba mhudumu wa swichibodi amuunganishe, au alizungusha kidole katika duara lenye matundu 10. Duara hilo liliporudi lilikata umeme mara moja kwa namba moja, mara tano kwa namba tano, na mara 10 kwa sifuri. Wakazi wa Dar es Salaam waliotumia simu za mezani za Shirika la Posta na Simu, kabla ya Kampuni ya Simu Tanzania, TTCL, kuanza kazi mwaka 1994, wanazikumbuka simu hizo na subira zilizodai. Zilikuwa na kasoro nyingine: mapigo yake yalisomwa na kituo cha simu, lakini hayakufika vizuri kwa mtu wa mwisho wa njia.

Milio yarudi

Wahandisi wa maabara zilizobeba jina la Bell nchini Marekani waliiona kasoro hiyo. Walihitaji alama inayoweza kupita popote usemi unapopita, na alama hiyo haiwezi kuwa kitu kingine ila sauti. Novemba 18, 1963, simu za vitufe vyenye milio zilianza kutumiwa na wateja wa miji ya Carnegie na Greensburg, Pennsylvania. Vitufe vilikuwa 10. Alama ya nyota na alama ya reli ziliongezwa mwaka 1968.

Vitufe hivyo vimepangwa katika mistari minne ya ulalo na mitatu ya wima. Kila mstari wa ulalo una mlio wake mzito: wa kwanza hutetema mara 697 kwa sekunde, wa pili 770, wa tatu 852 na wa nne 941. Kila mstari wa wima una mlio wake mwembamba: 1,209, 1,336 na 1,477. Upo mstari wa wima wa nne, wenye mlio wa 1,633, ambao simu za kawaida hazina. Mtu akibonyeza tano, kitufe kilicho katika mstari wa pili wa ulalo na wa pili wa wima, simu hutoa mlio wa 770 na wa 1,336 kwa pamoja.

Sababu ya kutumia milio miwili ni kwamba sauti ya mtu, filimbi au ngoma inaweza kwa bahati kugonga mlio mmoja wapo. Kugonga miwili kwa pamoja, mmoja kutoka kundi zito na mwingine kutoka kundi jembamba, ni nadra. Aidha, namba hizo zilichaguliwa kwa uangalifu ili mlio mmoja usiwe mara mbili au mara tatu ya mwingine, kwa kuwa sauti ya binadamu huambatana na milio ya aina hiyo.

Mlangoni mwa upande wa pili hukaa mtambuzi. Kwa miaka mingi kazi hiyo ilifanywa na chipu ndogo yenye miguu 18, na iliyojulikana zaidi ni MT8870 ya kampuni ya Mitel ya Canada, nchi ileile alikozikwa Bell. Chipu hiyo huanza kwa kuuchuja mlio wa kuashiria kuwa njia ya simu iko wazi. Kisha huigawa sauti iliyobaki katika njia mbili: kichujio kimoja hupitisha kundi la milio mizito tu, na kingine kundi la milio myembamba tu.

Katika kila njia, wimbi laini la sauti hukatwa likawa mapigo ya wazi ya juu na chini. Chipu huyahesabu mapigo hayo kwa kuyalinganisha na saa yake, inayoongozwa na kipande cha fuwele kinachotetema zaidi ya mara milioni tatu na nusu kwa sekunde. Fuwele hizo zilitengenezwa kwa wingi kwa ajili ya televisheni za rangi za mfumo wa Marekani, na ndiyo sababu zilikuwa za bei nafuu.

Hesabu ikiangukia karibu sana na moja ya milio inayojulikana, hukubaliwa. Ikipotoka kwa zaidi ya asilimia chache, hukataliwa. Hata ikikubaliwa, chipu haikimbilii kutoa jibu. Husubiri ione kama milio yote miwili imedumu kwa takribani sehemu 40 za sekunde iliyogawanywa mara elfu. Kikohozi au kishindo cha mlango hakidumu kwa usafi huo, hivyo huachwa kipite. Lazima pia pawepo ukimya kidogo kati ya mlio na mlio, la sivyo tano mbili zingehesabiwa kuwa moja.

Likitosheka, jibu hutolewa katika nyaya nne, kila mmoja ukiwa na umeme au bila umeme. Tano huwa 0101. Sifuri haiwi 0000, bali 1010, yaani kumi, sawasawa na mapigo 10 ya duara la zamani. Waya wa tano huinuka kuiarifu kompyuta kwamba namba mpya imeingia. Hapo ndipo mteja wa Tandika anapopelekwa kwenye Kiswahili.

Vibamba vya chuma vya mwaka 1875 na vichujio vya chipu hiyo havifanani kwa umbo. Kanuni yake ni moja: waya mmoja, milio kadhaa, na kila mlio kupata wa kuutambua. Kilichomshinda Bell kwa chuma na skrubu kiliwezekana kwa umeme unaojihesabia. Siku hizi hata chipu yenyewe mara nyingi imeachia nafasi programu ya kompyuta, inayotumia hesabu iliyotolewa na Gerald Goertzel mwaka 1958 kupima kila mlio una nguvu kiasi gani.

Simu ya mkononi nayo ina namna yake. Mteja anapobonyeza namba katikati ya maongezi kwenye mtandao wa kawaida wa GSM, simu hutuma ujumbe kwa kituo cha mtandao, na ni kituo hicho kinachoutengeneza mlio na kuupeleka mbele, kwa kuwa mitambo ya kubana sauti ingeweza kuuharibu. Na anayebonyeza nyota, namba na reli kupata huduma ya fedha, kama M-Pesa iliyoanza nchini mwaka 2008, hatumii milio kabisa. Ule ni ujumbe wa maandishi unaokwenda moja kwa moja kwenye mtandao.

Tofauti hiyo ina uzito kwa kundi ambalo Bell alilitumikia na kulikosea. Kiziwi wa Mbagala au Magomeni hawezi kuisikia sauti inayomtaka abonyeze moja. Mlango huo umefungwa kwake, hata kama mashine ingeusoma mlio wake bila kosa. Lakini menyu inayoandikwa kwenye kioo cha simu huisoma kama mtu mwingine yeyote, na hutuma fedha, hupokea na hulipa bila kuomba msaada wa mtu. Simu ya picha imemwongezea jambo ambalo Bell hakulitaka: kuzungumza na mwenzake aliye mbali kwa lugha ya alama.

Hivyo chombo alichokizaa mwalimu huyo kimemzunguka na kumrudia kwa njia mbili. Telegrafu yake ya milio, iliyotupwa kando mwaka 1875, inaendelea kufanya kazi kila kitufe kinapobonyezwa katikati ya simu. Na lugha ya mikono aliyotamani ipungue, leo inasafiri katika mitandao iliyotokana na uvumbuzi wake, kutoka Kinondoni hadi Temeke na kwingineko.